Namna ya kuwaandikia watoto kisa cha familia ya mwisho ya Tsar wa Urusi

Watoto watano, jumba lenye bustani, mbwa watatu, punda mstaafu wa sarakasi aitwaye Vanka, kisha mapinduzi, safari ya Siberia na chumba cha chini ya nyumba. Kisa cha Tsar, yaani mfalme, Nicholas II na familia yake kina kila anachokitamani mwandishi wa watoto, na ndiyo maana wengi hukiharibu. Mmoja hukigeuza ngano ya binti mfalme aliyeponyoka. Mwingine hukigeuza maombolezo ya malaika waliouawa na mashetani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika hadithi ya kihistoria kwa Kiswahili, kwa msomaji wa miaka 10 hadi 14, bila kumdanganya. Kwa watoto wadogo zaidi ya hapo sishauri. Kisa hiki ukikipunguza makali mpaka kimfae mtoto wa miaka 7, kinachobaki ni picha za magauni.

Hatua ya 1: Panga tarehe kabla ya kuandika sentensi yoyote

Anza na kalenda, maana hapa ndipo hata vitabu vya watu wazima huteleza. Urusi ya Tsar ilifuata kalenda ya Julius, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13. Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka mwishoni mwa 1917, waliibadilisha mwaka 1918: watu walilala tarehe 31 Januari, wakaamka tarehe 14 Februari. Kwa hiyo Anastasia alizaliwa tarehe 5 Juni 1901 kwa hesabu ya kwao, 18 Juni kwa hesabu yetu, na yale yaitwayo Mapinduzi ya Februari ya 1917 kwetu yaliangukia Machi. Mtego mbaya zaidi uko kwenye shajara ya Nicholas mwenyewe. Hakuacha kalenda ya zamani. Ukurasa wake wa mwisho una tarehe 30 Juni 1918. Ukiusoma bila kubadilisha utadhani alinyamaza zaidi ya wiki mbili kabla ya kufa, kumbe ilikuwa 13 Julai. Chagua kalenda moja, yetu, na uishikilie mpaka mwisho wa kitabu.

Kisha andika uti wa mgongo wa kisa kwenye karatasi moja:

- 15 Machi 1917: Nicholas anaachia kiti cha enzi akiwa ndani ya treni, mjini Pskov.
- Machi hadi Agosti 1917: kifungo cha nyumbani katika Jumba la Alexander, Tsarskoye Selo.
- Agosti 1917: safari ya treni na meli hadi Tobolsk, Siberia, katika nyumba ya gavana.
- 30 Aprili 1918: Nicholas, mkewe Alexandra na binti yao Maria wanafikishwa mji wa Yekaterinburg, katika nyumba iitwayo ya Ipatiev. Watoto wengine wanne wanafuata Mei 23.
- Usiku wa 16 kuamkia 17 Julai 1918: wote wanauawa.

Itazame orodha hiyo tena. Kila tarehe, nafasi inazidi kuwabana. Kwanza jumba na bustani yake kubwa, halafu nyumba na ua, halafu vyumba vichache vyenye madirisha yaliyopakwa chokaa. Umbo la hadithi unalo tayari, usihangaike kubuni jingine. Kila sura ipunguze mlango mmoja.

Hatua ya 2: Amua ni macho ya nani

Hili ndilo litakaloamua kama kitabu kitasimama, kwa hiyo lipe muda.

Wa kwanza kukujia atakuwa Anastasia, na sababu zipo. Alikuwa mtundu, hodari wa kuwaigiza watu. Mwaka 1914, akiwa na miaka 13, alisimama mbele ya kioo na kamera yake akajipiga picha, kisha akamwandikia baba yake kwamba kazi ilikuwa ngumu kwa sababu mikono ilimtetemeka. Mtoto wa leo mwenye simu atamwelewa papo hapo. Lakini ukimfanya aseme “mimi”, utafika Julai 1918 na hutakuwa na msimulizi. Waandishi wengi wakifika hapo huona njia moja tu: kumwokoa. Ukimwokoa umeandika uongo, na ni uongo wenye historia yake. Mwanamke aliyejulikana kama Anna Anderson alidai kwa miaka mingi kuwa yeye ndiye Anastasia. Alikufa mwaka 1984, na vipimo vya DNA vilivyofanywa baadaye vikaonyesha hakuwa na undugu wowote na familia ile. Kama moyo wako uko kwa Anastasia, msimulie kwa nafsi ya tatu.

Alexei ni chaguo gumu lakini lenye malipo. Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1904, mrithi aliyengojewa baada ya mabinti wanne, akiwa na himofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda. Akijigonga, damu ilivuja ndani ya mwili kwa siku kadhaa, goti likavimba, usiku mzima akalia. Mwaka 1912, akiwa na miaka 8, alikaribia kufa walipokuwa Spała, nchini Poland ya leo. Wananchi hawakuambiwa anaumwa nini, na siri hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango Rasputin, mtu wa dini ambaye mama yake Alexei aliamini sala zake zinamponya. Watoto wengi wa kwetu wanaijua selimundu, kama si kwa miili yao basi kwa mwenzao darasani. Ugonjwa ni mwingine, ila yule mtoto anayekaa benchi wenzake wakicheza mpira watamtambua. Usiandike huruma tupu, lakini. Alexei alikuwa pia mtoto aliyedekezwa, mwenye kuamrisha, na hilo liwepo.

Mimi ningemchukua wa tatu: Leonid Sednev. Alikuwa mtoto wa jikoni, wa miaka kama 14, aliyefuatana na familia mpaka nyumba ya Ipatiev na kucheza na Alexei humo ndani. Anabeba maji, anaosha sufuria, anasikia mazungumzo ya mabwana na ya walinzi katika siku ileile. Hana cheo cha kutetea. Halafu kuna jambo lililomtokea tarehe 16 Julai, nitalifikia katika hatua ya 7, ambalo linampa mwandishi mwisho wa kweli usiohitaji kushuka chumba cha chini.

Njia ya nne ni kubuni mtoto wa nje ya uzio. Yaweza kufaa sana, kwa sharti kwamba mtoto huyo wa kubuni asibadilishe chochote kilichotokea. Tarehe 15 Julai 1918 wanawake wa mjini waliingizwa nyumba ya Ipatiev kupiga deki, na mabinti wa Tsar wakawasaidia kusogeza vitanda. Mbuni binti wa mmoja wao, umpe jina, umpe njaa ya mwaka ule. Ila usimwingize ndani. Mama arudi jioni, mikono ingali inanuka sabuni, na binti amchimbe kwa maswali: Walivaa nini? Walisema? Wana nywele? Mama atamjibu kidogo kwa sababu aliogopa kutazama. Hilo dogo linatosha sura nzima.

Hatua ya 3: Kusanya vitu, si sifa

“Walikuwa wanyenyekevu” ni maneno yasiyoonekana. Mtoto anaona kitanda cha turubai cha kukunja, kama cha jeshini, ambacho mabinti wa mtawala wa sehemu ya sita ya nchi kavu ya dunia walilalia, wawili chumba kimoja: Olga na Tatiana, Maria na Anastasia. Anaona gauni la dada mkubwa likimshukia mdogo.

Vitu vizuri ni vingi, kwa sababu familia hii ilipenda kupiga picha na kuandika barua. Albamu za Anna Vyrubova, rafiki wa Alexandra, ziko Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale. Mwalimu wao Mswisi, Pierre Gilliard, alinusurika na kuandika kumbukumbu zake. Hivi ni baadhi ya vile ambavyo ningevipigania:

Vichwa vilivyonyolewa. Mapinduzi yalipofika, watoto walikuwa wanaumwa surua, na nywele zikaanza kunyonyoka. Kiangazi cha 1917 mabinti walinyoa zote, na ipo picha yao wakiwa na vipara, Alexei naye kanyoa ili asiwaache peke yao. Mtoto yeyote aliyewahi kunyolewa kwa lazima atacheka na kuumia kwa pamoja.

Bustani ya mboga, iliyolimwa kwa mikono yao Tsarskoye Selo huku walinzi wakitazama.

“Dawa.” Hili lilikuwa fumbo lao. Alexandra alipotangulia Yekaterinburg, barua ilirudi Tobolsk ikiwataka mabinti wazipange dawa, maana yake wavifiche vito. Wakavishona ndani ya nguo za ndani, kito kwa kito. Andika sindano, uzi, kidole kilichochomwa, na sikio lililotegwa mlangoni.

Madirisha meupe. Yekaterinburg vioo vilipakwa chokaa ili wasione nje wala wasionekane. Waliomba wiki nzima na zaidi wafunguliwe dirisha moja. Lilipofunguliwa, Nicholas aliandika kwamba hewa ilikuwa na harufu ya bustani zote za mji. Kuna waandishi watakaohitaji kurasa tatu kueleza kifungo ni nini. Yeye alihitaji mstari mmoja, na hakuwa mwandishi.

Unga. Mpishi Kharitonov aliwafundisha mabinti kukanda na kuoka mkate siku zile za mwisho.

Na mbwa. Joy, mbwa wa Alexei, ndiye pekee aliyebaki hai na baadaye akapelekwa Uingereza. Tahadhari hapa: mtoto atamlilia mbwa kuliko watu ukimpa nafasi, na kuna waandishi wanaoutumia udhaifu huo.

Hatua ya 4: Toka nje ya uzio

Msomaji akifika katikati ya kitabu akiwa bado anadhani mapinduzi yaliletwa na watu wabaya tu, rudi mwanzo. Hasira ile ilikuwa na sababu, na sababu zina tarehe. Alexei alipokuwa na miezi 5, tarehe 22 Januari 1905, maelfu ya wafanyakazi wa Saint Petersburg walitembea na picha za watakatifu kuelekea Jumba la Majira ya Baridi kumpelekea Tsar ombi lao. Hakuwepo mjini. Askari wakawafyatulia risasi. Miaka 9 baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume wakafa kwa mamilioni, na tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa Petrograd (jina la Saint Petersburg wakati huo) waliochoka kupanga foleni za mkate wakaingia barabarani. Siku 7 baada ya hapo Nicholas hakuwa Tsar tena.

Usiyamwage haya kama somo la historia. Mpe kila askari mlinzi mtu aliyempoteza. Wengi wa walinzi wa nyumba ya Ipatiev walikuwa vijana kutoka viwanda vya Sysert na Zlokazov. Mmoja akimtazama binti mfalme akikanda unga, aweza kumwonea haya na wakati huohuo amkumbuke mdogo wake aliyekufa kwa njaa. Mtoto ana uwezo wa kubeba hayo mawili kwa pamoja. Watu wazima ndio hushindwa.

Na Nicholas usimpake rangi. Alikuwa baba mpole na mtawala mbaya. Yote mawili ni kweli, na kisa hakina maana ukiondoa mojawapo.

Hatua ya 5: Baridi, kwa msomaji ambaye hajaona theluji

Msomaji wako wa Mtwara au Mombasa hajui nyuzi 30 chini ya sifuri ni kitu gani, na tarakimu haitamsaidia. Mpe mwili. Majira ya baridi Tobolsk familia na watumishi walijenga kilima cha barafu uani ili watoto wateleze. Hivi ndivyo ningeanza:

*Mwalimu Gilliard alitoka jikoni na ndoo imejaa mpaka juu. Alipofika kwenye kilima na kuiinamisha, yalitoka maji nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeshaganda njiani, imeng'ang'ania ndani ya ndoo.*

*“Nyingine!” Alexei alipiga kelele. Pumzi ikamtoka mdomoni nyeupe, ikaning'inia mbele ya uso, ikapotea. Nyusi zake zilikuwa zimekuwa za babu.*

*“Nyingine ya ngapi, Alexei Nikolaevich?” mwalimu akauliza. Hakuvihisi tena vidole vyake. Alivitazama kuhakikisha vipo.*

Hakuna kipimajoto hapo, wala neno “baridi”. Kilima chenyewe ni zawadi kwa mwandishi, kwa sababu Machi 1918 askari walikivunja kwa sururu. Familia ilikuwa imepanda juu yake kuwaaga walinzi wa zamani waliokuwa wakiondoka, na ikasemwa kwamba mtu wa barabarani angeweza kuwapiga risasi. Malizia sura na sururu. Watoto wanaelewa vizuri sana mtu mzima anapouharibu mchezo kwa sababu inayosikika kuwa ya busara.

Hatua ya 6: Majina

Jina moja kwa kila mhusika, basi. Usimwite Alexei ukurasa huu, Alyosha ule, mrithi ule mwingine. Jina la baba (Nikolaevich, Nikolaevna) libaki midomoni mwa watumishi na walimu, kama ishara ya heshima. Walinzi baada ya mapinduzi wamwite Nicholas “kanali”, cheo chake cha jeshi, au “Romanov” tu. Msomaji atahisi kiti kilivyoanguka bila kuambiwa. Watoto wa Tsar waseme “Baba” na “Mama”, kwa kuwa ndivyo msomaji anavyosema nyumbani. Na usianze kitabu kwa “Hapo zamani za kale”. Fomula hiyo humwambia mtoto kwamba yanayofuata hayakutokea. Anza na tarehe.

Hatua ya 7: Mwisho

Tarehe 16 Julai 1918, saa za jioni, Leonid alitolewa ndani ya nyumba. Familia iliambiwa anakwenda kumwona mjomba wake. Mjomba huyo, Ivan Sednev, alikuwa ameshauawa. Alexandra aliandika habari ya mtoto huyo kwenye shajara yake usiku ule, akiwa na shaka kama ni kweli na kama watamwona tena. Leonid alilazwa nyumba ya Popov, upande wa pili wa njia, walikokaa walinzi.

Weka hadithi yako hapo, ng'ambo ya barabara, na mtoto asiyejua kwa nini hakuruhusiwa kurudi kumaliza mchezo. Funga sura. Kisha acha ukurasa mmoja usio na usimulizi, wenye maneno makavu:

*Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 walinzi waliwaamsha wote wakawaambia washuke chumba cha chini, kwa kuwa mji hauna usalama. Humo waliwapiga risasi. Waliouawa ni Nicholas, Alexandra, Olga, Tatiana, Maria, Anastasia, Alexei, daktari Yevgeny Botkin, mtumishi Anna Demidova, mpishi Ivan Kharitonov na mhudumu Alexei Trupp.*

Majina yote 11. Watumishi wanne walikuwa na nafasi ya kuondoka wakabaki, na vitabu vingi huwameza ndani ya “na wengineo”. Usieleze nani alianguka kwanza, wala ilichukua dakika ngapi, wala miili ilifanywa nini. Habari hizo zipo na mtoto akikua atazikuta. Wewe hujaajiriwa kumtisha. Lakini neno “waliuawa” liwepo. “Walilala usingizi wa milele” ni kumkimbia msomaji.

Hatua ya 8: Kurasa za nyuma

Kila hadithi ya kihistoria ya watoto iwe na kurasa mbili tatu za ukweli mtupu. Taja wahusika uliowabuni. Taja kwamba makaburi yalifukuliwa mwaka 1991, kwamba mabaki yalizikwa Saint Petersburg tarehe 17 Julai 1998, na kwamba ya watoto wawili waliokosekana yalipatikana mwaka 2007, hivyo hakuna aliyeponyoka. Taja pia kwamba Kanisa la Orthodoksi la Urusi liliwatangaza watakatifu mwaka 2000, ili mtoto akikutana na picha yao kanisani au mtandaoni aelewe. Ila kitabu chako kisiwe cha ibada.

Hapo ndipo pa kumwonyesha msomaji wa Afrika Mashariki kwamba habari hii inamgusa. Kaisari Wilhelm II, aliyeitawala Tanganyika ya Wajerumani, na Mfalme George V, aliyeitawala Kenya na Uganda ya Waingereza, wote walikuwa binamu za Alexandra, wajukuu wa Malkia Victoria kama yeye. George alikuwa binamu wa Nicholas pia, kwani mama zao walikuwa ndugu. Vita iliyomwangusha Tsar ni ileile iliyowabebesha mizigo wapagazi wa Carrier Corps, kikosi ambacho jina lake limebaki kwenye soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti darasani na unyamaze. Swali la kwanza huwa lilelile: kwa nini hawakukimbia? Kama wameuliza kabla hujafika Tobolsk, kuna sura inakosekana. Iandike, uiweke mara baada ya Machi 1917: watoto wako kitandani na surua, serikali ya Uingereza inakubali kuwapokea, kisha binamu George, akihofia hasira ya watu wake mwenyewe, anashinikiza ahadi ile iondolewe.